Lamu: Uso wa Nyumba ni Mali ya Mji

Mtu anapojenga nyumba, ndani mwake ni mwa watu wake. Lakini uso wake wa nje huonekana na kila apitaye njia. Neno hili ni jepesi kulitamka, na wengi hulikubali pasipo ubishi. Ubishi huanza siku ambayo mwenye nyumba anaambiwa kwamba ghorofa anayotaka kuiongeza haifai, au kwamba bango alilolitundika juu ya duka lake lazima lishuke. Hapo ndipo linapozuka swali: Je, ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu asiujenge ukuta wake mwenyewe apendavyo?

Swali hili limekabiliwa kwa muda mrefu katika nchi jirani ya Kenya, na hasa katika mji wa kale wa Lamu, ulioko kisiwani upande wa kaskazini wa mwambao, si mbali na mpaka wa Somalia. Historia ya jambo hili yafaa kuangaliwa kwa makini na kila nchi ya Afrika Mashariki yenye mji wa kale, kwa sababu yaliyowapata watu wa Lamu ndiyo yanayoipata miji mingine ya mwambao, na ndiyo yatakayoipata mingi zaidi katika miaka ijayo.

Lamu ni mji ambao watu wameishi ndani yake mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Njia zake ni nyembamba, na mizigo hubebwa na punda na hamali. Mwaka 2001 mji huo uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia inayosimamiwa na shirika la UNESCO. Sifa hiyo ni kubwa. Lakini ingekuwa makosa kudhani kwamba utaratibu wa kuuangalia ujenzi wa Lamu ulianza siku hiyo, au kwamba uliletwa na wageni.

Ukweli ni kwamba mji ule ulikuwa na utaratibu wake tangu zamani, ingawa haukuandikwa katika karatasi wala kupigwa mhuri. Mipaka ya kwanza iliwekwa na vifaa vyenyewe. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana, kwa hiyo vyumba vya nyumba za Lamu vikawa vyembamba na virefu, upana wake ukikaribia mita 3 tu. Mipaka ya pili iliwekwa na heshima ya majirani. Nyumba iligeuza uso wake ndani, kwenye kiwanda kilicho wazi juu, na ukuta wa njiani ukaachwa mtupu ili macho ya mpita njia yasifike kwa watu wa nyumbani. Mgeni alipokelewa dakani, penye baraza za mawe, kabla ya kuvuka mlango.

Baba alipomwoza binti yake, ilikuwa desturi kwa watu wenye uwezo kumjengea nyumba pembeni mwa nyumba yao au kuongeza ghorofa juu yake. Palipokuwa na njia katikati, lilijengwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili, na watu wakaendelea kupita chini yake. Ujenzi wa namna hiyo haukuwezekana pasipo maelewano ya ndugu na majirani. Hivyo mtu alijenga kwa ajili ya haja yake, lakini alijenga akijua kwamba yuko katikati ya watu. Hata tangazo la nyumba lilikuwa na adabu yake: mlango wa mbao ulionakshiwa ndio uliomweleza mpita njia hadhi ya mwenye nyumba, na wala haukuhitaji kupiga kelele.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba mji huo haukuwa umeganda. Katika karne ya 19 biashara ya bahari ilipostawi, upande wa pwani ulipata nyumba zenye nguzo na roshani zinazoelekea baharini, na katika njia kuu wafanyabiashara, wakiwamo wenye asili ya Bara Hindi, walifungua maduka yanayoikabili njia. Ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ikawa kiini cha uwanja wa soko. Mambo haya yote yalikuwa mapya kwa wakati wake. Mji uliyapokea, ukayapima kwa kimo cha majengo yaliyokuwapo, ukayafanya kuwa yake. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba kuhifadhi mji ni kukataa kila kipya hawaijui historia ya Lamu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yaligeuka. Reli iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na biashara ya mwambao ikavutwa kuelekea Mombasa. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika mwambao wa Kenya. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Nayo ilidhihirisha jinsi utajiri wa mabwana wa Lamu ulivyokuwa umesimama juu ya jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara. Mji ukaingia katika unyonge wa miaka mingi. Palipokosekana fedha za kujenga upya, nyumba za kale zilibaki. Umaskini ukawa mlinzi wa mji, ingawa ni mlinzi asiyetakiwa na mtu yeyote, maana yeye huyo huyo aliyezuia nyumba zisivunjwe aliwazuia wenyewe wasizitengeneze.

Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya kuhifadhi mambo ya kale mwaka 1927, macho yake yalielekezwa kwenye magofu. Gede, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita karibu na Malindi, ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka huo huo, na kuanzia mwaka 1948 ukachimbuliwa na mtaalamu James Kirkman. Kuhifadhi gofu kuna kazi yake, lakini gofu halina mpangaji, halina mjane anayevujiwa na dari, wala halina kijana anayetaka kufungua duka. Sheria iliyotosha kwa Gede haikuweza kutosha kwa Lamu, ambako watu waliendelea kuzaliwa, kuoana na kurithishana nyumba. Upungufu huo ulirithiwa na Kenya huru mwaka 1963.

Katika miaka ya 1970 Lamu ilianza kutembelewa na wageni wengi. Fedha zikarudi, na pamoja nazo zikaja saruji, mabati na tamaa ya kujenga upesi. Ndipo wataalamu walipoanza kuuchunguza mji kwa utaratibu. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa uchunguzi wake kuhusu hifadhi ya Lamu mwaka 1976. Miaka kumi baadaye, mwaka 1986, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalichapisha mpango wa hifadhi ya mji huo uliotayarishwa na Francesco Siravo, msanifu kutoka Italia, pamoja na Ann Pulver. Mwaka huo huo mji wa kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi chini ya sheria mpya ya mambo ya kale, na ofisi ya hifadhi ikafunguliwa papo hapo mjini.

Kuwekwa kwa ofisi hiyo mjini kulikuwa jambo kubwa kuliko inavyoweza kudhaniwa. Tangu hapo ofisa wa hifadhi alikuwa karibu na halmashauri ya mahali, akiishauri juu ya maombi ya ujenzi. Mwaka 1991 ilianzishwa tume ya mipango kwa ajili ya kufuatilia utekelezaji na kuyashughulikia mambo mapya yanayozuka katika eneo la hifadhi. Mwenye kutaka kubadili nyumba sasa alikuwa na mahali pa kupeleka ramani yake kabla ya kuanza, na mahali pa kuuliza kwa nini amekataliwa. Serikali nayo ilikwisha kutoa mfano kwa jengo lake yenyewe: Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, ilikabidhiwa kwa Makumbusho na kugeuzwa kuwa mahali pa elimu na mikutano ya wananchi.

Je, ni mambo gani yanayopimwa katika mapitio ya namna hii? La kwanza ni kimo. Katika njia nyembamba, ghorofa moja ikizidi, jirani hunyimwa upepo na mwanga, na uwanja wake wa ndani, uliokuwa siri ya familia, huchunguliwa kutoka juu. La pili ni vifaa. Mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa hupitisha unyevu nje. Yakipakwa saruji ngumu, unyevu na chumvi hufungiwa ndani ya ukuta, lipu hubanduka, na vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta pasipo mtu kuona. Mwenye nyumba hudhani ameuimarisha ukuta wake, kumbe ameuanzishia maradhi. La tatu ni uso wa nyumba: madirisha, milango, rangi na mabango.

Kuhusu mabango, wapo wanaosema kwamba hilo ni jambo dogo lisilostahili kushughulisha vikao. Lakini yatazamwe yanayotokea katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Kampuni kubwa yenye bidhaa ya kuuza humwendea mwenye duka dogo, ikajitolea kumpakia rangi duka zima bila malipo. Mwenye duka hupata rangi mpya, na kampuni hupata ukuta wa kutangazia mwaka mzima. Mwenzake wa jirani naye hukubali, pengine kwa kampuni nyingine. Baada ya muda mfupi mtaa mzima huwa na rangi za chupa na simu, na jina la mwenye duka, ambaye babu yake ndiye aliyeujenga ukuta ule, huandikwa kwa herufi ndogo pembeni kana kwamba yeye ndiye mgeni. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuuza sura ya mji. Lakini sura ya mji imekwisha kuuzwa, na bei yake ilikuwa makopo machache ya rangi.

Ndiyo maana bango ni jambo la kupimwa. Hata hivyo, namna ya kulipima ni muhimu kama kipimo chenyewe. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliamuru majengo ya katikati ya jiji yapakwe rangi nyeupe na buluu, na amri hiyo ikagusa pia matangazo yaliyochorwa kutani. Mji ulibadilika sura kwa muda mfupi. Lakini amri ya namna hiyo, hata ikiwa na nia njema, ina udhaifu wake. Hulipima kila jengo kwa kipimo kimoja, na gharama humwangukia mwenye jengo, awe anazo au hana. Mapitio ya majengo kwa njia ya mashauriano huenda polepole, na hukasirisha. Lakini humpa kila mtu nafasi ya kueleza haja yake, na humlazimu mwenye mamlaka kutoa sababu ya neno lake.

Wenye nyumba wa Lamu wamekuwa na malalamiko ya kweli, na ingekuwa dhuluma kuyapuuza. Kujenga kwa matumbawe, chokaa na boriti kunahitaji fundi anayeijua kazi hiyo, na kunahitaji muda na fedha. Mtu anayekatazwa tofali la saruji ana haki ya kuuliza fundi huyo atampata wapi na tofauti ya bei atailipa nani. Mwaka 2018 tatizo hilo lilijitokeza waziwazi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya nchi kwa ajili ya kuinusuru, na wakataji wa mikoko wa Lamu wakajikuta ndani ya marufuku hiyo, mpaka ilipolegezwa kwao baadaye. Kwa muda huo taratibu za hifadhi zilimtaka mwenye nyumba atumie boriti, na amri ya misitu ikamzuia asizipate. Kila upande ulikuwa na sababu yake. Aliyekwama katikati ni mwananchi na dari lake linalovuja.

Tena kuna jambo la umiliki. Sifa ya mji ilipopanda, bei ya nyumba zake ilipanda pia. Wageni wenye fedha walinunua nyumba za kale wakazitengeneza vizuri, wengine wakizigeuza kuwa nyumba za kulala wageni. Ukuta umepona, lakini familia iliyouishi imehamia kwingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asipopona, mji utabaki na milango ya nakshi isiyo na watu wa kuifungua, na wakati huo tofauti kati ya Lamu na Gede itakuwa ni rangi ya chokaa tu.

Mtihani mkubwa kuliko yote umetoka nje ya njia nyembamba za mji. Tarehe 2 Machi 2012 ulizinduliwa rasmi mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha Kenya na Sudan Kusini na Ethiopia, na gati la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei 2021. Mwenye duka aliyetakiwa kuomba ruhusa ya bango aliona bandari nzima ikipangwa kutoka mji mkuu. Wananchi wa Lamu walikwenda mahakamani. Mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi ilitamka kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki yao ya utamaduni ilikuwa imevunjwa, ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,000 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Kamati ya Urithi wa Dunia nayo imeitaka Kenya mara kadhaa ipime athari za mradi huo kwa mji wa kale.

Hukumu hiyo haikuhusu mabango wala ghorofa, lakini kanuni iliyotamkwa na mahakama ni ile ile inayohitajika katika kikao cha kupitia ramani: anayeguswa asikilizwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Nayo haina budi kumbana mkubwa kama inavyombana mdogo. Utaratibu unaomzuia fundi cherehani asitundike kibao cha mita mbili, kisha ukanyamaza mbele ya mradi wa mabilioni, hauwezi kudumu katika mioyo ya watu. Wataufuata mchana na kuuvunja usiku.

Tanzania haiyatazami mambo haya kutoka mbali. Zanzibar iliunda mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe mwaka 1985, na mpango wake wa hifadhi wa mwaka 1994 ulitayarishwa na Siravo huyo huyo aliyefanya kazi Lamu. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Huko nako yamekuwapo majaribu. Ujenzi wa hoteli katika eneo la Mambo Msiige, Shangani, ulizusha mvutano wa miaka kadhaa na Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ukubwa na sura ya jengo jipya. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo linalojulikana na kila mtoto wa Zanzibar, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika miji ya matumbawe, ufa usiozibwa mapema huweza kudai roho za watu.

Kwa hakika, historia ya Lamu inaacha mafundisho yaliyo wazi. Ofisi ya kupitia ujenzi inapaswa kuwa mahali ambapo mwenye nyumba anaweza kuifikia kwa miguu, na kuzungumza na ofisa anayeijua njia na jina la mtaa. Jibu litolewe mapema, kwa kuwa ni rahisi kurekebisha mstari katika ramani kuliko kubomoa ukuta uliokwisha gharimiwa. Kila katazo lifuatane na sababu inayoeleweka, na pale inapowezekana lifuatane na msaada: chokaa, boriti zilizokatwa kwa utaratibu, na mafundi waliofunzwa. Vijana wasipofunzwa kazi ya matumbawe, sheria nzuri kuliko zote itabaki kuwa karatasi, kwa sababu hakuna atakayejua kuitekeleza.

Wazee wa Lamu waliojenga wikio juu ya njia waliinua nyumba zao juu ya vichwa vya watu, na bado watu wakapita chini yake bila manung'uniko, kwa sababu njia iliachwa wazi na haja ya jirani ilifikiriwa. Kazi ya tume, halmashauri na maofisa wa leo ni kuyarudisha maelewano hayo katika nyakati zenye saruji, umeme na fedha za kigeni. Wakifanikiwa, mjukuu wa mwenye nyumba ataurithi ukuta ulio imara, na mpita njia ataendelea kuuona mji.